Wamenisafisha fizi, sasa meno yamerefuka

BARUA

Assalaam alaykum, shangazi. Shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, naishi Chake Chake, nasomesha skuli ya msingi. Nina watoto wanne, na nina sukari, mwaka wa sita huu, natumia vidonge. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kila mtu ana lake na miye sijui nimsikilize nani.

Fizi zangu zimetoa damu miaka mingi. Nikipiga mswaki, mate ninayotema ni mekundu. Nikiuma embe bichi, naacha alama. Yalianza nilipokuwa na mimba ya mtoto wa tatu, wakubwa wakaniambia yatakwisha nikijifungua. Hayakwisha. Baadaye ikaja harufu, na hiyo ndiyo iliyonitesa zaidi, maana kazi yangu ni kusimama mbele ya watoto nikasema. Nikawa nazungumza huku nimeuvuta mtandio mdomoni, mpaka wenzangu skuli wakaona ndiyo tabia yangu.

Juzi juzi nilikwenda Unguja kumuuguza dada yangu. Alipopata nafuu akanishika mkono akanipeleka kwa daktari wa meno. Daktari alinipima jino moja moja kwa kijiti cha chuma chenye alama, huku akimsomea nesi nambari: tatu, tano, sita, saba. Akaniambia ugonjwa wa fizi umeshafika mfupani na ugaga umeingia chini. Nikapigwa sindano za ganzi, wakanisafisha upande wa kulia, na wiki iliyofuata wa kushoto. Sikuumia kama nilivyoogopa. Nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu nipimwe tena, nikapanda boti nikarudi kwetu.

Sasa ni wiki ya nne. Damu imepungua sana, hilo sikatai, na harufu mume wangu anasema haipo. Lakini shangazi, nikijitazama kwenye kioo nataka kulia. Meno ya mbele ya chini yamerefuka kama si yangu. Baina yake pana matundu meusi ya pembetatu, punje za wali zinakaa humo. Maji ya friji siyawezi. Hata upepo wa dirisha la daladala ukinipiga mdomoni nashtuka. Na jino moja la chini, ambalo tangu zamani lilikuwa likicheza kidogo, naliona sasa linacheza zaidi.

Wifi yangu kaniambia wazi: wamekuharibu, ule ugaga ndio uliokuwa ukiyashika meno, wameuondoa na sasa yatadondoka moja moja. Ananitajia shoga yake wa Wete aliyesafishwa meno, mwaka haukwisha akang'olewa mawili. Mama mkwe, Mungu amuweke, kaniletea mafuta ya karafuu nipake kila usiku. Jirani kaniletea amoksilini zilizobaki kwa mwanawe. Mume wangu hasemi kitu, anatafuna tambuu yake, ila nauli ya kurudi Unguja ameshaanza kuiita pesa ya kutupa.

Je, wameniharibu kweli? Meno yatarudi yalivyokuwa? Hilo linalocheza nilitoe kabla halijanidondokea darasani? Na nikirudi, watanifanya nini zaidi? Daktari aligusia kuwa magego ya nyuma huenda yakahitaji upasuaji wa fizi. Tangu siku hiyo usingizi wangu wa mang'amung'amu.

Mwalimu wa Chake

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Marahaba.

Hawakukuharibu. Na miezi mitatu ikifika, panda boti urudi. Nimeyatanguliza haya mawili ili hata ukisoma barua hii baina ya kipindi na kipindi, uwe umeshapata la kukutuliza.

Katika jambo moja, hata hivyo, nipo upande wako. Haya yote yaliyokupata, meno kuonekana marefu, matundu, ganzi ya maji baridi (huko kushtuka kwa meno), yanatarajiwa baada ya tiba hii, na ulipaswa kuambiwa kabla ya sindano ya kwanza. Dakika tano za maneno zingekuokolea wiki nne za kulia mbele ya kioo. Foleni ni ndefu, najua, lakini mgonjwa asiyeambiwa nini kitamtokea hujazwa maneno na wa nyumbani, na mara nyingi harudi tena.

Sasa tuje kwenye zile nambari. Ni milimita. Kijiti kile hupenyezwa taratibu baina ya jino na ufizi kuona kinaingia kina gani. Kwenye fizi nzima kinaingia milimita moja hadi tatu, kinasimama. Ukisikia sita au saba, ujue ufizi umeachana na jino ukafanya mfuko, na ndani ya mfuko huo umejaa utando wa bakteria, sehemu yake imeganda ikawa ugaga mgumu, mahali ambapo mswaki wako haufiki hata upige kutwa. Mwili hupigana na bakteria hao, na katika kupigana huko mfupa unaolishika jino ndio unaoliwa. Hauumi, au unauma kidogo tu. Ndiyo maana watu huishi nao miaka kumi wakidhani ni fizi zinatoa damu basi. Mimba yako ya tatu haikuuleta ugonjwa huu peke yake. Mimba huzifanya fizi zivimbe na kutoa damu upesi pale penye utando, na kwa watu wengi hutulia baada ya kujifungua. Kwako haikutulia kwa sababu utando na ugaga vilibaki, na baadaye sukari ikaja juu yake.

Kwa hiyo mfupa wako ulikwisha kuliwa kabla hujaingia kwa daktari. Hukuuona kwa sababu fizi zilikuwa zimevimba, uvimbe ukaziba pengo. Wewe ni mtu wa Pemba, umeona mnazi wa ufukweni ambao bahari imekula mchanga wa chini yake, kisha mwani ukarundikana pale mpaka mizizi haionekani. Siku mtu akiuzoa ule mwani, mizizi inabaki wazi. Aliyezoa mwani ndiye aliyekula mchanga? Na huo mwani ndio uliokuwa ukiushikilia mnazi? Muulize wifi yako hivyo hivyo, kwa upole, maana wifi ni wifi.

Ugaga haushiki jino. Jino linashikwa na mfupa, na nyuzi za nyama zinazoufunga mzizi kwenye mfupa huo. Watu huona jino lililozungukwa na ugaga halichezi, likisafishwa linacheza, wakaunganisha mambo. Kweli yapo meno ambayo mfupa umekwisha kabisa na ugaga umeyagandisha na majirani zake. Hayo yalikuwa yameshakufa yakisubiri siku. Huenda ya yule shoga wa Wete yalikuwa hayo. Au huenda alisafishwa mara moja akaona yamekwisha, hakurudi. Simjui, sitamhukumu.

Kilichotokea kwako baada ya kusafishwa ni kwamba uvimbe umenywea, ufizi umekaza na kushuka pale mfupa ulipo. Jino halikurefuka hata chembe. Unachokiona ni shingo yake na mwanzo wa mzizi. Litarudi lilivyokuwa? Hapana, sikufichi. Mfupa ulioliwa kwa kawaida haurudi kwa kusafishwa, na ufizi uliokaza hauwezi kupanda tena juu kwa dawa ya kupaka wala ya kusukutua, hata akuuzie nani. Unachokipata ni ugonjwa kusimama, ufizi kushikana upya na jino, mifuko kupungua kina, damu kukoma na harufu kuondoka. Mawili ya mwisho yameshaanza kwako, umeyaandika mwenyewe, kisha ukayapita mbio kwenda kwenye kioo. Mwalimu aliyekuwa anajifunika mtandio sasa anaambiwa na mumewe kuwa harufu haipo. Kwangu miye hiyo ndiyo habari kubwa ya barua yako.

Nikupe kipimo cha matarajio, usije ukatarajia zaidi wala pungufu. Wataalamu waliokusanya majaribio mengi ya tiba hii isiyo na upasuaji waliona kuwa baada ya miezi sita hadi minane mifuko hupungua kwa wastani wa milimita 1.7, na karibu robo tatu yake hufunga, yaani haibaki na kina cha kuhatarisha jino. Milimita 1.7 inaonekana si kitu. Lakini mfuko wa tano ukishuka ukawa wa tatu, unaumudu mwenyewe nyumbani. Ukibaki tano, bakteria wamekaa mahali usipopafikia. Robo inayogoma mara nyingi ni mifuko mirefu sana, hasa ya magego ya nyuma yenye mizizi miwili mitatu ambayo chuma hakiwezi kuzunguka vizuri katikati yake, na ya wavuta sigara, na ya wenye sukari isiyoshikika. Ndiyo sababu daktari aligusia magego. Alikuwa anakwambia ukweli mapema, ila aliusema nusu.

Ganzi ya maji baridi inatokana na huko huko. Sehemu ya juu ya jino ina ngozi ngumu ya nje inayolikinga. Mzizi hauna. Una vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho vinavyoelekea ndani kwenye mshipa wa fahamu, na zamani vilikuwa vimefunikwa na ufizi na ugaga. Sasa viko wazi, ukivuta upepo wa daladala unafika. Kwa wengi huwa kali wiki ya kwanza na ya pili, kisha hupoa baina ya wiki ya nne na ya nane, vitundu vinapozibika vyenyewe. Saidia kazi hiyo: nunua dawa ya meno ya watu wenye ganzi, ile iliyoandikwa ni ya meno nyeti, yenye floraidi. Piga mswaki nayo asubuhi na usiku, na kabla ya kulala chukua kiasi cha punje ya mbaazi kwa kidole, pakaza kwenye shingo za meno, uiache. Ukimaliza kupiga mswaki tema tu, usisukutue kwa maji mengi. Maji yanaiondoa dawa. Floraidi hiyo ina kazi ya pili kwako, maana mzizi ulio wazi huoza upesi kuliko jino la juu, na ukiwa na sukari kinywa hukauka, hatari inazidi. Weka mbali kwa sasa ndimu, ukwaju na embe mbichi za chumvi na pilipili. Urojo nao una ukali wake, kunywa kwa nadra mpaka ganzi ipoe. Na tafadhali asikudanganye mtu kusugua kwa unga wa mkaa au majivu ili meno yang'ae: mzizi ni laini, utaula mwenyewe.

Ikipita miezi miwili na ganzi iko vile vile, au jino moja peke yake linauma na maumivu yanabaki hata baridi ikiondoka, hiyo si ganzi ya kusafishwa tena. Huenda jino limetoboka au mshipa wake umeumia. Usingoje tarehe yako.

Jino linalocheza usiling'oe. Wiki chache baada ya kusafishwa chini ya fizi, zile nyuzi zinazolishika jino bado zina uchungu, na jino linaweza kucheza kidogo zaidi kabla halijakaza. Kukaza kunaweza kuchukua miezi. Kuna na jingine: sasa unalishika kwa ulimi na kidole mara ngapi kwa siku? Liache. Kata mkate kwa kisu, mahindi ya kuchoma na muwa viweke kando, tafuna kwa magego. Daktari atalipima ukirudi, na kama bado linasumbua anaweza kulifunga na majirani yake kwa nyuma kwa uzi wa waya na ile dawa nyeupe ya kuzibia meno, wala mtu haoni. Kung'oa ni rahisi, siku zote lipo. Hakuna aliyewahi kurudishiwa lake likashika vizuri kama la kuzaliwa.

Mafuta ya karafuu. Hapa natembea juu ya mayai, maana nazungumza na mtu wa Pemba kuhusu karafuu, na kiwanda cha mafuta ya makonyo kipo hapo Wawi karibu yenu. Mama mkwe hakukosea kitu kimoja: karafuu ina kitu kinachofisha maumivu, na madaktari wa meno wenyewe wamekitumia miaka mingi kwenye dawa za kuzibia kwa muda. Lakini haiondoi ugaga, haiponyeshi mfuko, na mafuta yake makali yakipakwa kila usiku juu ya ufizi unaopona yanauunguza. Pokea chupa, mshukuru, iweke kabatini kwa siku ya jino kuuma ghafla usiku, tone moja lililochanganywa na mafuta ya kula, kwenye pamba, mpaka kukuche uende hospitali. Kusukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi, ukitaka, hakuna neno.

Amoksilini za jirani mrudishie. Utando wa bakteria ukishagandamana, vidonge haviuvunji, ni lazima ukwanguliwe kwa chuma, na wewe umeshakwanguliwa. Kwa wagonjwa wachache daktari huongeza dawa hizo, yeye ndiye wa kuamua. Nusu dozi ya mtoto wa watu haimtibu mtu.

Kama walikupa maji ya kusukutua yenye klorheksidini, ile dawa ya kuua bakteria wa kinywani, yatumie kwa zile wiki chache walizokwambia, usijiongezee. Ukikaa nayo muda mrefu na wewe ni mnywaji wa chai ya rangi na kahawa, meno yatageuka rangi ya hudhurungi, na hapo wifi atapata hoja nyingine.

Sasa sukari yako, na hapa nataka usome polepole, kwa sababu naona barua yako imeitaja mara moja ikaiacha. Ugonjwa wa fizi na sukari vinalishana. Sukari ikiwa juu, fizi hazipigani vizuri na kupona kunachelewa. Fizi zikiwa na uvimbe wa kudumu, mwili mzima unapata taabu ya kuitumia insulini na sukari inapanda. Habari njema ni kwamba njia hiyo ina pande mbili. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, jumuiya ya kimataifa inayokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 35 ya wagonjwa wa kisukari, yaliona kuwa waliotibiwa fizi bila upasuaji, kile kipimo chao cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c, kilishuka kwa kama nukta 0.4 ya asilimia baada ya miezi mitatu minne kuliko wasiotibiwa. Yaani aliyekuwa na 8.4 anaweza kuiona 8. Si mbadala wa vidonge na usije ukaacha hata kimoja, lakini kwenye kliniki ya sukari tofauti kama hiyo si ndogo. Ukienda kliniki yako ya Chake mwezi huu au ujao, omba kipimo hicho, waambie umetibiwa fizi, na majibu yake uyapeleke kwa daktari wa meno. Na siku ya miadi ya meno kula kama kawaida na unywe vidonge vyako kwa wakati. Watu huogopa, wakaenda na njaa, wakaanguka kwenye kiti.

Sasa nyumbani. Daktari kakusafisha, lakini bakteria wanaanza kurudi ndani ya mifuko baada ya wiki chache usipowazuia. Mswaki uwe laini, uuegemeze pale jino linapokutana na ufizi, utetemeshe kidogo kidogo, usisugue kama unaosha sufuria iliyoungua. (Samahani, nimeona watu.) Msuwaki wa mti nao ni mzuri na ni suna, madhali ncha unaikata na kuitafuna upya, na unaupeleka juu na chini badala ya kuuvuta kwa nguvu kulia kushoto, maana huko ndiko kunakochuna fizi. Upungufu wake ni kuwa haufiki vizuri upande wa ndani wa magego. Utumie, na brashi pia uwe nayo.

Yale matundu ya pembetatu yanayokuudhi ndiyo mlango wako. Kabla yalikuwa yamezibwa na uvimbe, ilikuwa huwezi kusafisha humo. Sasa unaweza. Tafuta vibrashi vidogo vya katikati ya meno, vile vyembamba kama waya wenye manyoya. Maduka makubwa ya dawa ya mjini Unguja huwa navyo, muagize dada yako. Kinapopenya kwa kukaza kidogo bila kuumiza, hicho ndicho saizi yako. Kimoja unakiosha unakitumia siku kadhaa mpaka manyoya yalale. Penye nafasi finyu tumia uzi wa meno. Mara moja kwa siku, usiku, yatosha, ila iwe kila siku. Siku za mwanzo utaona damu kidogo, endelea. Chelewa la ufagio, hapana. Najua kila baraza kuna mtu ana kijiti cha chelewa baina ya meno baada ya kula, lakini ncha yake inachoma ufizi na vipande vyake huvunjikia humo humo.

Kuhusu uzuri, mwanya kwetu umesifiwa tangu enzi, ingawa naelewa kuwa wa chini ya jino si ule unaosifiwa. Fizi zikishatulia, miezi sita au zaidi, daktari anaweza kuyapunguza matundu kwa kuongeza dawa nyeupe pembeni mwa jino. Usikubali kufanyiwa sasa, ufizi bado unahama.

Ukirudi Unguja watakupima tena kwa kijiti kile kile, na hiyo ndiyo sababu ya miezi mitatu: mapema zaidi, ufizi haujashikana, kuuchokora ni kuuharibu. Watalinganisha nambari. Mfuko uliofunga unaachwa. Uliobaki nne au tano na unatoa damu, unasafishwa upya. Uliobaki sita na zaidi, hapo ndipo mazungumzo ya upasuaji yanapoanza, na upasuaji wenyewe si wa kulazwa: ganzi ile ile, ufizi unafunuliwa kidogo ili daktari auone mzizi kwa macho badala ya kupapasa gizani, kisha nyuzi chache. Wengi hawafiki huko. Baada ya hapo utaitwa kusafishwa kila miezi mitatu hadi sita, kutegemea hali yako, na hilo halina mwisho, kama kliniki yako ya sukari isivyo na mwisho. Muulize daktari: mifuko mingapi ilikuwa mitano na zaidi mwanzo, na sasa mingapi? Kadi ya nambari ipige picha kwa simu. Safari za baadaye za kusafishwa uliza hospitali ya hapo Pemba iliyo karibu nawe kama wanaweza kuendelea nazo, nauli ikupungukie. Tarehe ikiangukia Ramadhani na unachelea kumeza maji au damu, isogeze hadi baada ya Idi, wiki hizo chache hazidhuru.

Yasiyongoja tarehe ni haya: usaha unatoka kwenye ufizi, uso au shavu limevimba, homa, damu isiyokata, au jino linalobonyea chini unapolisukuma. Hayo ni ya siku hiyo hiyo.

Na mzee wako wa tambuu. Ugonjwa huu hauambukizi kama mafua, ingawa bakteria hupitia mate, kwa hiyo msilaumiane. Lakini mwenye kutafuna tambuu ana hasara moja ya ziada: mate yake ni mekundu siku zote, damu ya fizi hataijua hata itoke. Na popoo yenyewe iliyomo ndani ya tambuu, iwe na tumbaku au bila tumbaku, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani ya kinywa. Mkipanda boti, pandeni pamoja. Nauli itakuwa ya watu wawili, ndiyo, lakini naye akae kwenye kiti kile, na daktari amwangalie ndani ya mashavu na chini ya ulimi, si fizi peke yake.